Mahindi ya Anselme

Dorcas mwanangu,

Watu huanza barua kwa kuulizana habari za afya. Yako nimeiona leo asubuhi, ulipokunywa uji vikombe viwili umesimama, kisha ukaenda Mudzipela kuwaaga wenzako wa kwaya. Mashine ya kusaga iko kimya. Mazutu ya kuiendesha iliyobaki ni ya kesho na kesho kutwa, kwa hiyo nimefunga mlango, nimeketi juu ya gunia tupu, na daftari lako la zamani liko magotini mwangu. Ni saa nane mchana. Nataka nimalize kabla hujarudi, kwa sababu mambo haya nikikuambia kwa mdomo nitaanza kulia au nitaanza kutukana, nawe utanishika mkono na kusema, "Mama, inatosha," nami nitanyamaza tena kama nilivyonyamaza miaka yote hii.

Mambo ya safari yako, ya kuchemsha maji, ya kukataa kuketi juu ya mizigo lori likipita Komanda, ya kutomwambia mtu safarini unatoka kwa nani, shangazi yako aliyasema yote jana, na mengine aliyasema mara mbili. Mimi sina la kuongeza hapo. Mimi nataka kukuambia juu ya Anselme.

Wewe unamjua kama yule muzee wa mtaa wa Sukisa mwenye koti la kijivu, mume wa Mama Béatrice. Unajua kwamba nilikataa kusaga mahindi yao. Unajua kwamba nilikupiga kofi mbele ya watu kwa ajili yao. Hujui sababu, na hujui nilichokifanya baada ya kofi hilo. Huko Kisangani unakokwenda kusoma utakutana na watu wa Bunia, nao watu wa Bunia hawajui kufunga mdomo. Ni afadhali uyasikie kwangu.

Kule kijijini kwetu, upande wa Djugu, Anselme alikuwa jirani yetu wa mgongo kwa mgongo. Kati ya jiko lake na jiko letu palikuwa na mgomba mmoja tu. Alikuwa msimamizi wa ubatizo wa ndugu yako Josué. Yeye ndiye aliyemshika mbele ya padri, na mtoto akamkojolea koti, tukacheka sote mpaka padri naye akacheka. Nakuambia hilo ili ujue kwamba hakuwa mtu wa kupita njia. Alikula kwetu. Nilikuwa namwekea kisahani chake bila kumuuliza kama ana njaa.

Mwaka ule wa vita mvua zilichelewa. Siku hizi mvua kuchelewa si habari tena. Umekua ukiona mwezi wa tatu unaingia mkavu, mbegu zinaliwa na panya udongoni, kisha mwezi wa tano yanashuka maji ya kubeba madaraja. Zamani haikuwa hivyo. Bibi yako alikuwa halitazami wingu. Mwezi wake ukifika anachukua jembe, na mvua inamkuta shambani. Basi mwaka ule mvua haikumkuta mtu. Baba yako, ambaye unakumbuka alivyokuwa mtu wa mashaka, akasema, "Njaa itakuja, na vita itakuja nyuma yake." Akachimba shimo nyuma ya jiko, akalitandika majani ya migomba na shitingi ya plastiki, tukashusha magunia sita, manne ya mahindi na mawili ya maharagi. Juu yake tukapanda viazi vitamu ili mtu asitambue. Mtu mmoja tu alijua, kwa sababu alishika jembe pamoja na baba yako. Na baba yako naye alimsaidia kuchimba lake.

Siku tuliyokimbia, ulikuwa na miaka sita. Sijui unakumbuka nini. Mimi nilimbeba Josué mgongoni, wewe ulitembea, baba yako alibeba sufuria na blanketi. Tulifika Bunia siku ya pili, miguu imepasuka. Baada ya siku nne baba yako na wanaume wengine walirudi kijijini kuchukua walau magunia mawili. Alikuta viazi vimeng'olewa, shimo liko wazi, na ndani yake kuna chura tu.

Kulikuwa na mwanamke mzee, Mama Tabitha, ambaye hakuweza kukimbia. Alikuwa amelala ndani ya mtama siku zote zile, akiona kila kitu. Alimwambia baba yako, "Anselme alisimama pale, katikati ya wale vijana wenye silaha. Hakusema kitu. Alionyesha kwa mguu."

Kwa mguu, Dorcas. Kama mtu anayeonyesha mavi ya mbuzi.

Hapa Bunia tulikaa kambini, chini ya shitingi, katika matope. Chakula cha msaada kilikuja na kukatika, kilikuja na kukatika, na kila kilipokatika walisema ni barabara imefungwa. Kwanza miguu ya Josué ilivimba. Nikafikiri ananenepa, nilikuwa mjinga, nilifurahi siku mbili nzima. Kisha nywele zake zikawa nyekundu na laini kama ndevu za mahindi, akaacha kulia. Mtoto wa miaka miwili akiacha kulia, usimpongeze. Alikufa siku ya Jumanne mchana, juu ya mapaja yangu, wakati nikiongea na mwanamke mwingine juu ya kuni. Sikuona. Yule mwanamke ndiye aliyeona.

Wewe tulikuambia ni homa. Ilikuwa njaa. Na njaa ile ilikuwa na jina la mtu na koti lake, nami nililijua. Nilipokuwa namfunga ndugu yako ndani ya kitenge changu, sikuomba Mungu ampokee. Niliomba Mungu amweke Anselme hai mpaka nimpate.

Ya baadaye unayajua. Baba yako alinunua chuma chakavu cha motere, akakifufua, akakiunganisha na mashine ya kusaga, tukatoka kambini. Alinifundisha kuiwasha: namna ya kuweka mguu, namna ya kuachia mkono wa chuma kabla haujakuvunja kifundo. Alipokufa kwa ini, watu walidhani nitaiuza. Sikuiuza. Mwanamke anayeweza kuwasha motere peke yake hakosi chakula cha mtoto wake, na mimi nilikuwa nimebaki na mtoto mmoja.

Sasa nakuja kwenye ule msimu mbaya, miaka miwili iliyopita. Redio ilikuwa inasema amani. Wakubwa walikuwa wanakutana katika hoteli za mjini, wanatia sahihi, wanapigwa picha, wanakula kuku. Na baada ya kila sahihi barabara ya Komanda ilikuwa inafungwa siku tatu. Malori ya mchele na ndizi yakikwama Komanda, soko letu linabaki na muhogo tu. Mazutu ikikwama upande wa Mahagi, mashine zinanyamaza moja baada ya nyingine. Makala, makaa ya kupikia, nayo ilikuwa inatoka mbali zaidi kila mwezi, kwa sababu miti ya karibu tulikuwa tumekwisha kuila sisi wenyewe, jikoni mwetu. Umeme wa mjini tuliuona tu, taa za watu wengine. Nawachukia wale wa hotelini, sikufichi. Ningependa siku moja wapange foleni na beseni kichwani, mmoja mmoja, na suti zao, nami niwaambie mazutu imekwisha.

Lakini mimi mazutu nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeficha mapipa mawili chini ya makapi. Mashine yangu ilikuwa peke yake inayolia huku kwetu kote. Watu walianza kupanga foleni tangu alfajiri, wananiita mama, wananiita dada, wanaita jina la marehemu baba yako. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilikuwa na kitu ambacho kila mtu alikihitaji. Angalia vizuri hapo, mwanangu. Ubaya wangu ulikuwepo tangu zamani, lakini haukuwa na mkono. Siku ile ulipata mkono.

Mwanamke mmoja mwembamba aliweka beseni lake mbele yangu. Sikumjua, Anselme alikuwa amemuoa baada ya vita, mke wake wa kwanza alikufa njiani.

"Mama, unisagie kidogo," akasema. "Watoto wamekula mahindi ya kuchemsha siku tatu, tumbo inawauma."

"Weye ni wa kwa nani?"

"Miye ni bibi ya Anselme. Tumefika Sukisa juzi juzi, walitufukuza siye pia."

"Anselme gani?"

Akataja kijiji chetu. Nilikuwa sijui kama yuko hai.

"Twika beseni yako," nikamwambia. "Mahindi ya Anselme haisagwe hapa."

"Mama, nilikukosea nini?"

"Uliza bwana yako. Mwambie ni mama ya Josué amekataa."

Kesho yake akaja mwenyewe. Alikuwa amezeeka vibaya, meno ya mbele hayapo. Foleni yote ilisogea nyuma. Nadhani waliona uso wangu. Nikazima motere, mazutu na uhaba wake, nikaizima ili asikike.

"Mama Dorcas," akasema.

"Sema jina ya yule mwengine."

Akatazama chini. "Josué."

"Endelea."

"Walikuwa wameshika mutoto wangu. Panga ilikuwa hapa." Akagusa shingo yake. "Ya kwangu walikuwa wamekwisha kuichukua, haikuwatosha. Wakasema, onyesha ingine ama tumukate. Ningefanya nini?"

"Ulichagua."

"Nilichagua mutoto wangu."

"Na ukatoa wa kwangu."

"Sikujua kama atakufa."

"Weye mwenye ulichimba ile shimo pamoja na bwana yangu, haukujua ilikuwa ya kazi gani?"

Alivua kofia. Mbele ya watu wote wale akasema, "Basi unisamehe, mama."

Nikamwambia, "Toka mbele ya mashine. Unafunga njia ya watu."

Wakati ule nilijiona nimesema vizuri. Hata leo, nikiyakumbuka maneno yale, siyaonei haya. Alistahili kuyasikia. Kama mambo yangeishia pale nisingekuandikia.

Miezi miwili baadaye mapipa yangu yakaanza kulia utupu, nikaenda Ariwara kutafuta mazutu, nikakuachia mashine. Nilikawia siku tano. Kabla ya kwenda nilikuwa nikipita makusudi karibu na nyumba ya Anselme ili nisikie Mama Béatrice anatwanga. Anapiga kinu tangu asubuhi, mtoto mgongoni, na ule mlio wa mchi ulikuwa unanifanya nitembee nikiwa mwepesi. Ujue mama yako alikuwa mtu wa namna hiyo.

Niliporudi na mazutu yangu, nimekaa juu ya bidoni zake za plastiki barabara nzima, nimepigwa na vumbi, mwanamke mmoja wa foleni akanipokea kwa furaha: "Mutoto wako ana roho nzuri. Amesagia hata wa kwa Anselme!"

Ulikuwa umesimama hapo na unga hadi nyusi. Nilikupiga kabla sijashusha kitenge cha kichwa. Hukulia. Ulisema tu, "Mama, ilikuwa beseni moja." Nikakupiga tena kwa sababu ya neno hilo, "moja". Kofi la kwanza ungeweza kusema ni uchovu. La pili nililijua nikilitoa.

Ulikuwa na miaka kumi na saba na hukujua kitu. Ulimsagia mwanamke mwenye mtoto mgongoni, basi. Nilikuwa nimekuficha sababu yote, kisha nikakuadhibu kwa kutoijua. Hilo ni kosa langu, halina mwenzake wa kulibeba. Kwa Anselme sina msamaha wa kutoa. Kwako wewe ninaomba.

Sasa lile ambalo hulijui. Kofi halikunitosha. Nilikuwa bado na moto mkononi na sikuwa na pa kuuweka. Anselme alikuwa amepewa shamba alime nusu kwa nusu, kwenye njia ya Nyankunde, kwa mtu anayeitwa Papa Régis. Nililijua kwa sababu nilikuwa nauliza kila kitu chake, anakula wapi, anasali wapi. Mahindi yake yalikuwa mazuri. Msimu ule ambao mashamba ya watu yalikauka au yaliachwa kwa hofu, la Anselme lilikuwa limepata mvua mbili kwa wakati wake, lilisimama kijani kama halijui kuna nini duniani. Lilikuwa limeanza kutoa ndevu.

Nilivaa kitenge cha kanisani. Nilimkuta Papa Régis amekaa kwenye kiti chake cha kamba, anamenya machungwa. Nikamwambia, "Papa, ule mutu mwenye unaweka kwa shamba yako, unamujua?"

"Ni mukimbizi tu. Anafanya kazi vizuri."

"Uliza watu wa kwetu. Yeye ndiye anaonyeshaka watu wa silaha penye chakula iko. Alionyesha yetu. Wakifika hapa ataonyesha ya kwako, na nyumba yako, na mabinti zako."

Papa Régis aliweka kisu chini. "Unasema kweli, mama?"

"Mutoto wangu iko ndani ya udongo kwa sababu ya ile."

Sikusema uongo hata mmoja, Dorcas. Ndiyo maana nakuonya juu ya ukweli ulio na sumu. Kila neno langu lilikuwa la kweli, na sikwenda pale kusema ukweli, nilikwenda kuua. Huu ni mji ambao amani yake ni ya mtu anayelala na viatu. Neno kama lile halihitaji mashahidi. Siku hiyohiyo Papa Régis alituma wanaume wakamtoa Anselme shambani, bila hata suke moja. Alisimama barabarani, wananiambia, akiyatazama mahindi mpaka wakamrushia mawe.

Papa Régis alivuna. Akaja kusaga wapi? Kwangu. Akaniachia vipimo kadhaa vya unga, mkono wa asante. Nikavipeleka nyumbani, nikapika bugali na sombe ya majani ya muhogo yenye mafuta mengi. Wewe ulikula, ukaomba tena, ukasema, "Mama, leo unga ni mutamu." Nami nilikula. Sitakudanganya kwamba ilinikwama kooni. Ilikuwa tamu. Sijawahi kula bugali tamu namna ile, si kabla, si baadaye. Nilikwangua sufuria kwa kidole.

Nilikulisha hasira yangu bila kukuuliza, na wewe ukaipenda. Hilo linanisumbua kuliko lile kofi.

Anselme hakuwa na shamba tena, na hakuna aliyempa lingine, kwa sababu Papa Régis alisimulia na mimi nilisimulia. Watoto wanne. Akafanya kile ambacho watu wote wa kambini wanakifanya njaa ikizidi: alirudi kijijini kuchimba muhogo uliobaki katika mashamba yetu ya zamani. Walikwenda watu sita. Walirudi watano. Walisema walikuwa wamekwisha kujaza magunia, wako njiani wanarudi, waliposikia risasi. Wote walitupa mizigo na kukimbia. Yeye hakutupa. Walimpigia kelele, "Tupa, muzee, tupa!" Alikimbia na gunia kichwani hadi risasi zilipompata.

Habari hiyo nililetewa hapa mashineni, mchana kama sasa. Nikasema, "Pole yao." Yule aliyeileta alipoondoka, nilifunga mlango, nikawasha motere, hakuna hata punje ya kusaga. Unakumbuka ulirudi ukaniuliza kwa nini mashine inalia tupu, nikakuambia najaribu mkanda? Nilikuwa sijaribu mkanda. Nilitaka majirani wasinisikie. Nilikuwa nacheka. Sitaki uje kufikiri siku moja kwamba mama alikuwa analia ndani, kwamba moyo wake ulikuwa laini. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nilikuwa nasema, gunia kwa gunia, gunia kwa gunia.

Kisha nikazima motere, na kukawa kimya, na nikagundua sina mtu.

Sijui kukueleza vizuri zaidi ya hapo. Miaka kumi na zaidi nilikuwa naamka na Anselme. Nikimenya muhogo, yeye, nikiomba, yeye. Alikuwa amekaa nafasi ambayo ingekuwa ya Josué. Nilipompata na kumaliza, nilifikiri Josué atarudi kukaa mahali pake. Hakurudi. Nilijaribu kuukumbuka uso wa mtoto wangu, nikaona meno ya Anselme yasiyokuwepo. Bado nina hasira, Dorcas, ile ile, haikupungua hata kipimo kimoja; ila sasa haina anwani. Wakati mwingine natamani awe hai, si kwa ajili ya watoto wake, kwa ajili yangu, ili nipate mtu wa kumchukia anayeweza kunijibu.

Sijamsamehe. Padri ameniambia niseme hata kwa midomo, moyo utafuata. Midomo yangu nayo imekataa. Usije ukaniandikia kutoka Kisangani na mistari ya Biblia, naijua yote.

Lakini wewe unakwenda kusoma kilimo. Ukimaliza masomo, watakupa kazi ya mbegu, au ya ghala, au ya kugawa maji ya umwagiliaji, mambo ambayo watu watayapangia foleni, kwa sababu hili jua na mvua ya sasa havitarudi kuwa vya bibi yako, na njaa hii nayo haijamaliza kazi yake. Utakuwa na mazutu wakati wengine hawana. Na siku moja mtu atafika mbele yako, na utalijua jina lake. Hakuna asiyekuwa na Anselme wake katika nchi hii. Mimi sina uwezo wa kukuambia umpende. Mwite kwa jina mbele ya watu, mchana. Mpeleke kwa chifu, mpeleke kwa hakimu, mtemee mate ukitaka, nitakuwa upande wako. Chakula usikiguse. Mimi niliijua njaa kuliko mtu yeyote wa mji huu, nilimshika mikononi mtoto aliyeuawa nayo, na bado nilipotafuta silaha niliichukua hiyo hiyo. Watoto wanne wa Anselme hawakuwepo kwenye shimo letu. Wawili walikuwa hawajazaliwa.

Mama Béatrice bado anasaga hapa. Tangu mazishi yasiyokuwa na maiti sikumkataza tena. Hatusalimiani. Namimina mahindi yake, nampa unga wake, anaondoka. Anajua nilikwenda kwa Papa Régis. Papa Régis mwenyewe alimwambia.

Leo saa tatu, ulipokuwa umekwisha kuondoka, alikuja bila beseni. Alikuwa na kifurushi, kitambaa kimefungwa mafundo manne.

"Nimesikia mutoto anaenda," akasema. "Hii ni unga ya njia. Ni yake, haiko yako. Alinisagiaka."

Nilikipokea kwa sababu alikiachia na mikono yangu ilikuwa karibu. Nilikaa nacho muda mrefu. Kwanza nilitaka kukitupa chooni. Kisha nikafikiri, sumu. Ningekuwa mimi, ningetia. Hivyo saa saba nilitoa konzi moja, nikapika bugali kidogo hapa nyuma kwa makala ya mwisho, nikala peke yangu bila mboga, nikafunga mlango, nikaanza kukuandikia huku nangoja tumbo liume.

Sasa ni saa kumi na moja kasoro. Nasikia watu wanarudi kutoka sokoni. Haliumi. Najua kuna sumu ya kungoja wiki nzima, shangazi yako angekuambia hivyo. Lakini nimefikiri vizuri: mwanamke mwenye watoto wanne na unga wa siku mbili hapotezi unga kuulia mtu. Niliwahi kuwa yeye.

Nimekifunga tena mafundo manne, nimekiweka ndani ya begi lako la safari lililo hapa pembeni yangu, chini ya nguo zako, upande wa kushoto. Sikuweza kumwambia asante. Nilimwambia tu, "Nitamupa."

Nimekupa.

Mama yako,
Véronique